Picha ya dirisha na shairi fupi: haiku, utenzi, tathnia au shairi huru, uchague lipi?

Siku hizi watu wengi wanapiga picha za madirisha, Mji Mkongwe Zanzibar, Mombasa kule Ndia Kuu, Lamu, hata madirisha ya kawaida tu ya nondo kule Sinza au Eastleigh, afu wanataka kuweka na maneno kidogo, vimistari viwili vitatu vya shairi, na hapo ndo pagumu maana picha inakuwa kali ila maneno yale yale, "dirisha la matumaini", "nuru ya moyo wangu", yani ukisoma moja umesoma zote. Mi naona shida sio kipaji. Shida ni kwamba mtu anachagua aina ya shairi bila kujiuliza kamera yake ilisimama wapi. Kwa hiyo naweka hapa aina nne ambazo kwa Kiswahili ndo za kweli kuchagua kati yake, haiku, ubeti mmoja wa utenzi, tathnia na shairi huru, nazipambanisha kwenye picha za dirisha, na nitasema wazi ipi naipa alama, maana ulinganisho ambao kila kitu ni kizuri haumsaidii mtu.

Kwanza kamera ilikuwa wapi

Dirisha na picha wamejuana zamani sana. Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ni ya Mfaransa Nicéphore Niépce, aliipiga mwaka 1826 au 1827 kutokea dirisha la juu la nyumba yake kule Saint-Loup-de-Varennes, na ilichukua muda mrefu mno, ndo maana ukiiangalia mwanga umepiga kuta za upande huu na za upande ule, kitu ambacho jua la mara moja haliwezi kufanya. Afu Mwingereza William Henry Fox Talbot, mwezi wa 8 mwaka 1835, akapiga dirisha la nyumba yake Lacock Abbey, na hiyo ndo negativu (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzana) ya zamani kuliko zote zilizobaki, kadude kadogo tu, na mwenyewe aliandika pembeni kwamba vile vioo vyake, karibu 200, vilipotoka tu vingeweza kuhesabika kwa kutumia lenzi.

Sasa angalia tofauti. Kwa Niépce dirisha lenyewe halina habari, yeye alichungulia nje. Kwa Talbot dirisha ndo picha yenyewe. Ila wote walikuwa ndani ya nyumba zao. Sisi huku wengi tunapiga kwa mkao wa tatu, tuko mtaani, shingo juu, dirisha la mtu mwingine, yeye yupo ndani na anatuona na sisi hatumuoni.

Basi kanuni ninayoifuata mimi, na kila kitu hapa chini kinatoka humo, ni hii: kamera ikiwa nje shairi liwe ndani, kamera ikiwa ndani shairi liende nje. Ukisimama barabarani ukapiga dirisha bovu lenye rangi iliyobanduka afu shairi nalo likasema dirisha ni bovu na rangi imebanduka, umemwambia mtu kitu ambacho macho yake yameshamwambia. Shairi lina uwezo wa kuingia mule kamera isipoweza kuingia, sasa kwa nini ulibakishe barabarani na wewe. Ukielewa hapo, kuchagua aina ya shairi kunakuwa rahisi, kwa sababu kuna aina zinazobeba sauti ya mtu vizuri na kuna aina ambazo hazina hata nafasi ya kumweka mtu.

Haiku

Hii kila mtu anaijua kwa jina, mistari mitatu, mizani (yani silabi) 5-7-5, imetoka Japani. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Wajapani walishaiunganisha na picha zamani kabla ya kamera, wanaita haiga, mchoro na shairi kwenye karatasi moja, na Yosa Buson (1716–1784) alikuwa mchoraji na mshairi kwa pamoja. Kwenye haiga nzuri mchoro hauchori kilichosemwa kwenye shairi, kila kimoja kinashika upande wake. Kwa hiyo kanuni yangu ya ndani na nje sio uchawi mpya, wenzetu walishafika.

Kiswahili kinaipokea haiku vizuri kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kuhesabu ni rahisi, hamna ubishi kama lugha nyingine. Shida ni urefu wa maneno. "Dirishani" peke yake ni mizani 4, ukiliweka kwenye mstari wa kwanza umebakiwa na mizani 1 tu, utaandika nini hapo. Kwa mizani 17 unapata maneno manane au tisa hivi basi, na ukitumia kitenzi chenye viambishi kama "tulivyokuwa tukimsubiria" umeshaua shairi zima. Kwa hiyo haiku ya Kiswahili inataka maneno mafupi na vitenzi vichache. Mfano huu, picha ni dirisha la ghorofani lenye nondo na kanga imeanikwa juu yake:

*Kusi laanza*
*kanga juu ya nondo*
*nayo ni tanga*

Hesabu mwenyewe, 5, 7, 5. Na hapo nimetumia ujanja wa Wajapani wenyewe, haiku yao ya jadi inataka neno la majira, na sisi watu wa pwani majira yetu tunayo tayari kwenye pepo, kusi linaanza kuvuma mwezi wa nne hivi na kaskazi mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo "kusi" ni neno moja la mizani 2 linalobeba mwezi, bahari, na majahazi kurudi. Huna haja ya kunakili maua ya cherry ambayo hujawahi kuyaona.

Lakini ona, haiku hii haina mtu. Nani kaanika kanga? Hatujui, na hapakuwa na nafasi ya kumtaja. Ndo maana haiku naiona inafaa kwenye picha ambayo kitu chenyewe kinatosha, kanga, paka kwenye kizingiti, kopo la maua, tone la mvua, na zaidi picha zile za mkao wa Niépce ambapo uko ndani unatazama nje. Ukiitumia kwa dirisha lililofungwa lililopigwa kutoka mtaani mara nyingi inabaki kuwa maelezo ya picha tu, fupi na baridi.

Kingine, haiku ni rahisi kudanganya nayo. Mtu anaandika sentensi moja ya kawaida anaikata vipande vitatu anasema haiku. Kama ukiisoma mfululizo bila kukata inasikika kama sentensi ya ripoti, hiyo ni ripoti.

Ubeti mmoja wa utenzi

Hapa sitaficha, ndo chaguo langu la kwanza, na nashangaa watu wanakimbilia haiku wakati hiki kiko nyumbani. Ubeti wa utenzi ni vipande vinne, kila kipande mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kina kina chake ambacho kinatembea kwenye utenzi mzima kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndo umbo alilotumia Mwana Kupona kumuusia binti yake mwaka 1858. Tumezoea kufikiri utenzi ni kitu kirefu cha mamia ya beti, kweli, ila chukua ubeti mmoja tu uuweke karibu na picha uone.

Tuseme picha ni dirisha la mbao lililofungwa, kutoka mtaani, rangi ya kijani imechakaa. Jaribio la kwanza:

*Dirisha limefungika*
*rangi yake yabanduka*
*na kutu imeshashika*
*ndani wapika kahawa*

Vipande vitatu vya kwanza vinasimulia picha, havina kazi. Cha nne ndo kinaingia ndani na ghafla kuna harufu, kuna watu, kuna maisha yanaendelea nyuma ya ile mbao, na hicho kamera haikukipata. Sasa kama kipande kimoja kinafanya kazi na vitatu vimekaa, tuvitoe hivyo vitatu tuviweke ndani navyo. Picha ile ile:

*Baba aliposafiri*
*alisema msubiri*
*lifungeni kwa uzuri*
*na halijafunguliwa*

Huoni neno dirisha hata mara moja, halihitajiki, lipo kwenye picha. Na sasa ukirudi kuiangalia ile picha, rangi iliyobanduka inakuwa miaka. Hii ndo kazi ninayoitaka, shairi linabadilisha unachokiona bila kukigusa.

Faida ya pili ya utenzi ni kwenye mfululizo. Kama unataka picha kumi, kumi na mbili, labda kalenda, labda maonyesho, kina cha mwisho kinazishona. Hizo beti mbili hapo juu zote zinaishia na *-wa*. Picha inayofuata inaweza kuwa kitu tofauti kabisa, mfano yale madirisha ya vioo vya rangi kama vya jengo la Dispensari ya Zamani pale Zanzibar, mwanga wa asubuhi unapita unamwaga nyekundu na bluu sakafuni, na ubeti ukawa:

*Saa moja asubuhi*
*mtoto shule hawahi*
*mama yake amsihi*
*kwa rangi anachelewa*

Msomaji akifika picha ya tatu sikio lake limeshaanza kuisubiri ile *-wa* hata kama hajui kwa nini. Haiku haina kitu hicho, kila haiku inasimama kivyake, ukiweka kumi na mbili ni kumi na mbili.

Ubaya wa utenzi ni vina vitatu mfululizo, vinaweza kukulazimisha kusema uongo. Umetafuta neno la kuishia na *-ri* ukapata "johari" basi unaliingiza hata kama hakuna johari yoyote. Ukijikuta unaongeza neno kwa ajili ya kina tu, badilisha kina, usibadilishe habari. Na mizani uhesabu kwa sauti, *nd*, *ng* na *mb* hazijitengi na irabu inayofuata, ila *m* ya "mtoto" ni mizani 1 peke yake, m-to-to, tatu. Hapo wengi wanateleza.

Tathnia

Tathnia ni mishororo miwili tu, kila mmoja una vipande viwili vya mizani 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Ukijumlisha ni mizani 32, sawa sawa kabisa na ubeti wa utenzi, kwa hiyo sio suala la urefu, ni suala la umbo. Utenzi unasimama wima, tathnia inalala.

Picha, dirisha la ghorofa ya pili Mji Mkongwe, mkono umetoka nje unashusha kikapu kwa kamba, chini kuna baiskeli ya muuza mikate:

*Kikapu nateremsha, kamba naiachilia*
*mkate usije kwisha, na watoto wanalia*

Hii inabeba sauti ya mtu kuliko zote. Ina mwendo wa nyimbo, ukiisoma kwa sauti inataka kuimbwa, na yule mtu ambaye kwenye picha ni mkono tu sasa ana shida zake. Kwa picha za kutoka mtaani zenye dalili ya mtu, mkono, kivuli, taa imewashwa, naiweka juu ya utenzi. Na kama utaweka sauti, yani video fupi ya picha na mtu anaghani, tathnia haina mpinzani kwenye orodha hii.

Ubaya wake uko kwenye simu. Mshororo wa mizani 16 ni mrefu, kwenye skrini iliyosimama unakatika, na ukikatika vibaya kina cha kati kinapotea katikati ya hewa. Unaweza kuukata mwenyewe kwenye koma ya kati ikawa mistari minne lakini macho yanaisoma tofauti na lile vuta nikuvute la kipande kwa kipande linapungua. Kwenye karatasi, au picha ya ulalo pana, inakaa chini ya picha vizuri sana.

Kuna mtu atauliza tarbia je, ile ya mishororo minne, maana ndo shairi letu lenyewe, la kina Muyaka bin Haji (1776–1840) wa Mombasa, na huyo ndo husemwa aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Tarbia naipenda kufa, ila ubeti mmoja ni mizani 64, mara mbili ya utenzi, na mshororo wa nne unataka kuwa hitimisho. Ukiiweka karibu na picha ya dirisha picha inageuka pambo la shairi. Kama ndo unachotaka, sawa, ila hapo sio kuunganisha tena.

Shairi huru

Hapa ntapita haraka. Bila vina bila mizani, kama walivyoanza kina Euphrase Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, miaka ya 70 na ugomvi ukawa mkubwa, leo ndo wengi wanaandika hivi hasa vijana. Mfano, picha kutoka ndani, dirisha la nondo na wavu wa mbu, nje huoni vizuri:

*Wavu wa mbu*
*umenasa vumbi, bawa moja la kumbikumbi*
*na nusu ya wimbo wa jirani.*

Uhuru wake unafaa kwa madirisha ya leo ambayo hayana uzuri wa kitalii, luva za vioo zilizokosa kimoja, alumini ya kuslaidi, dirisha la daladala lenye stika, kwa sababu vina vya jadi juu ya dirisha la alumini vinaweza kuleta kichekesho ambacho hukukusudia (au ulikusudia, sawa). Lakini bila kanuni hujui mwisho ni wapi. Mtu anaandika mistari kumi na tano juu ya picha moja. Ukichagua hii jiwekee kikomo mwenyewe, mimi nasema maneno 15, na mstari mmoja angalau uwe na kitu ambacho hakionekani kwenye picha, kama ile nusu ya wimbo.

Na kama yote manne yanakushinda kuna njia ya mkato ambayo sio ya kudharau, mstari mmoja wa mtindo wa jina la kanga. Picha ya dirisha nusu wazi, chini yake: *Hukupiga hodi, lakini dirisha limekuona*. Basi. Mdomo wa kanga unajua kusema na mtu bila kumtaja.

Mji gani, dirisha gani

Sio kila mji utakupa picha za aina moja. Mji Mkongwe, ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, una madirisha makubwa ya barabarani na roshani za mbao za nakshi za Kihindi, kwa hiyo kutoka mtaani unapata kazi ya wiki nzima, ingawa wageni wote wanakimbilia milango, waachie. Mombasa mji wa kale roshani ziko nyingi pia na mitaa ni myembamba, unalazimika kupiga kwa chini na mistari inalala, washa gridi ya simu au usogee mpaka ukuta wa pili.

Lamu ni habari nyingine. Mji wa kale wa Lamu uliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na zile nyumba zake za mawe za zamani zimegeukia ndani, mwanga unatoka kwenye kiwanda, yani ua wa wazi katikati ya nyumba, huku barabarani ukuta mrefu umenyamaza na kimwanya kidogo juu. Ukienda na wazo la kupiga madirisha ya mtaani utarudi na kuta. Mpaka ukaribishwe ndani, na ukikaribishwa basi picha zako ni za ndani, na kwa kanuni ile shairi liende nje, kwa hiyo Lamu mimi ningeenda na haiku, pepo, adhana, punda, vitu vinavyoingia uwani kutoka juu, kuliko tathnia ya mtu anayelalamika kizingitini.

Kuhusu mwanga kwa kifupi, ukiwa ndani unapiga nje simu inachanganyikiwa, gusa skrini pale penye mwanga mkali ili nje paonekane na fremu ya dirisha iwe nyeusi, hiyo inafaa haiku. Ukiwa nje mchana dirisha lililo wazi linakuwa shimo jeusi, na hilo shimo usiliangaze kwa kuhariri, liache, ndo mahali shairi linapoingia.

Maneno yakae wapi

Juu ya picha, chini ya picha, au ukurasa wa pembeni. Juu ya picha inakubalika kwa stetasi ya WhatsApp tu kwa kweli, maana pale kila kitu ni skrini moja na baada ya masaa 24 kimeondoka, na pale haiku inashinda kwa ufupi, mistari mitatu myeupe ndani ya lile shimo jeusi la dirisha inasomeka vizuri. Usiandike juu ya ukuta wa chokaa uliobanduka, herufi zinapotea kwenye madoa na ukiongeza kivuli cha herufi inakuwa kama tangazo la mnada.

Kwa Instagram mi napendelea picha ya kwanza peke yake bila neno, mtu akitelezesha anakuta ubeti kwenye rangi moja tulivu, ukubwa ule wa 1080 × 1350. Anaiona picha, anajifanya ameielewa, afu ubeti unamrudisha. Utenzi unakaa hapo kama umezaliwa hapo, vipande vinne vifupi kwenye skrini ya wima. Kapsheni ya chini nayo ni sawa ila inakatwa, na ukikatiwa kipande cha nne cha utenzi umekatiwa shairi lote.

Kwa karatasi, kijitabu cha A5 kikifunguliwa, shairi kushoto picha kulia. Kwa A5 nzima kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya pikseli 1748 × 2480, kwa hiyo omba faili halisi, usichukue picha iliyopitia WhatsApp kawaida maana imeshabanwa. Hapo ndo tathnia inapumua, na hata mtu akitaka tarbia moja katikati ya kitabu sitamzuia.

Jambo la jirani

Hii kanuni yangu ya kuingia ndani kwa shairi ina gharama yake na lazima niiseme. Ukiweka ule ubeti wa "Baba aliposafiri" kwenye dirisha ambalo mtaa mzima unalijua, wewe umetunga tu, lakini mtaa utasoma habari. Watasema kumbe mzee wa nyumba ile aliondoka hakurudi, na mwenye nyumba yupo ndani anakunywa chai na mzee wake. Nakshi na mbao za madirisha ya pwani zilitengenezwa ili aliye ndani aone bila kuonekana, ni sitara, sasa wewe unaivua kwa mistari minne. Kwa hiyo ukichagua utenzi au tathnia yenye nafsi ya mtu, usitaje mtaa wala jina la nyumba, kata picha ibaki dirisha tu bila mlango na namba, na kama kuna mtu anaonekana hata nusu, piga hodi uombe, mwonyeshe na shairi sio picha tu. Haiku na jina la kanga hazina hatari hiyo sana, ukiona aibu kubisha hodi basi baki na hizo.

Kwa hiyo wewe je

Unaanza leo, una simu, unataka stetasi moja: haiku, picha ya kutoka chumbani kwako. Una picha nyingi za mitaani na unataka ziwe kitu kimoja: utenzi, chagua kina cha mwisho kabla hujaanza na uchague kirahisi, *-wa*, *-ni*, *-a*, maana utakihitaji mara kumi na mbili. Kuna mtu au dalili ya mtu kwenye picha, au utaweka sauti: tathnia. Madirisha ya kota, hosteli, mabasi: shairi huru ila na kikomo.

Na kama mpigapicha ni mwingine na mtunzi ni mwingine, ambayo ndo inatoa kazi nzuri mara nyingi, msitumiane picha mapema. Mpigapicha amwambie mtunzi vitu vitatu tu, nilisimama wapi, saa ngapi, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Mtunzi aandike kwa hayo. Afu ndo mkutanishe, na pale shairi likirudia kitu kilichopo kwenye picha mnakifuta kwenye shairi, sio kwenye picha.